Macho Yangu na Mashine ya Profesa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Binti, mwanafunzi ninayefanya naye kazi maabara, kaniambia hasira ikiandikwa hupungua. Tutaona.

Asubuhi Profesa alituita wote maabara, akavua nailoni kwenye mashine mpya aliyoisubiri miaka minne. Inasoma sahani nzima ya vishimo tisini na sita kwa dakika moja, kisha inakwambia seli hai zimebaki asilimia ngapi. Kazi hiyo hiyo mimi naifanya kwa hadubini, kidole gumba kikibonyeza kihesabio, na sahani moja inanichukua siku mbili. Nimeifanya miaka ishirini na tatu. Profesa akaipapasa mashine kama mtu anayepapasa ndama, akasema mbele za watu, "Mama, macho yako yamefanya kazi ya kutosha. Kikao cha bodi cha tarehe thelathini Mei kikipita, utahamia stoo. Huko utapumzika."

Stoo maana yake ni kuhesabu glavu na chupa tupu.

Na yote haya ni kwa sababu ya miwani niliyoanza kuvaa mwezi uliopita. Nilipokuwa sioni vizuri hakuna aliyejua. Sasa nimevaa miwani, naona hadi vumbi la kwenye kola ya Profesa, ndiyo wanasema macho yamechoka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Watu wamepanga foleni kuiona mashine. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ni fundi cherehani na hajawahi kuelewa kazi yangu. Nimejaribu tena leo wakati wa kula.

Binti, nilimwambia, ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na mimi ndiye fundi wake wa maabara. Anachunguza maganda ya vitunguu vyekundu, yale makavu ya nje ambayo kila mtu anayatupa. Ndani yake kuna kitu kinaitwa kwesetini, ndicho kinachoyapa rangi. Tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti, spiriti ikishakauka unabaki unga wa kahawia. Tukiukoroga tunaita supu. Supu hiyo tunazimiminia seli za saratani ya utumbo mpana ambazo tunazifuga kwenye sahani, tunasubiri siku mbili, halafu tunaangalia zipi zimekufa.

"Unazifuga," akasema.

"Nazilisha na kuzibadilishia maji. Wikiendi pia."

"Mimi chai yangu ya wikiendi najipikia mwenyewe."

Nilimweleza kuhusu mashine. Mwishoni tunatia rangi ya njano. Seli iliyo hai huigeuza zambarau, iliyokufa haiwezi. Mashine inapima zambarau tu. Zambarau nyingi, uhai mwingi.

"Sasa wewe wa nini tena?" akauliza. Hakuwa na nia mbaya, lakini chakula kilinishinda.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi yangu ana meza ya vitunguu sokoni, na ndiye anayetupatia maganda. Nilimfuata asubuhi na gunia. Mvua ilikuwa imempiga upande mmoja, vitunguu vya chini vimeanza kuoza.

"Wifi, maganda ninayokupa yanafanya nini huko kwenu?" akaniuliza.

"Tunajaribu kama yanaua seli za saratani."

Alishika kiuno. "Yaani mimi nakaa juu ya dawa miaka yote hii? Kesho naandika ubao."

"Ukiandika ubao nakushitaki. Sahani si mwili wa mtu, wifi. Hata maji ya betri yanaua seli kwenye sahani. Mtu akiumwa aende hospitali, vitunguu vyako aviweke kwenye mchuzi."

Alicheka, akaniambia kaka yake alioa mwanamke asiye na jicho la biashara. Hilo la jicho tena.

Ijumaa, 21 Machi

Majibu ya kwanza. Mashine inasema kwenye supu kali zaidi, seli asilimia tisini na sita ziko hai. Maana yake supu haifanyi kitu. Binti aliisoma karatasi mara tatu kisha akaiweka mezani taratibu, uso chini.

Sasa niandike nilichokiona mimi. Kabla Binti hajatia rangi niliipitisha sahani ileile chini ya hadubini, kwa mazoea tu. Seli yenye afya hujilaza, hujibandika chini ya kishimo, hujinyoosha kama mtu aliyepata kitanda cha peke yake. Ikianza kufa hujikunja, huwa duara, huachia, huelea. Kwenye supu kali zilikuwa zinaelea tele. Mimi sikuona asilimia tisini na sita. Niliona msiba.

Nikamwambia Profesa. Akasoma karatasi, akanitazama miwani. "Mama," akasema kwa upole, na upole huo ndio uliniuma, "mashine haina huruma na mwanafunzi. Wewe unayo."

Kwa hiyo sasa sioni vizuri na pia nadanganya kwa mapenzi.

Jumatatu, 24 Machi

Ukungu umeingia kwenye kabati la joto. Kila mvua za masika zikizidi lazima uje. Sahani kumi na moja zimekwenda na maji. Tumesugua kabati kutwa nzima, mikono inanuka spiriti hadi kwenye kijiko cha wali.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Seli mpya zimeshika.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumerudia. Mashine: tisini na nne. Macho yangu: msiba uleule.

Binti hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Alikuja kwangu miaka miwili iliyopita akishika pipeti kama anayeshika nyoka, leo mkono wake hautikisiki. Bodi ikikuta majibu haya tarehe thelathini Mei, utafiti wake unafungwa, naye anaanza upya na mada ya mtu mwingine.

"Mama, niambie kweli," akasema. "Unaziona zikifa au unatamani zife?"

Nimeudhika na swali lile kutwa nzima, kwa sababu ni swali zuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwomba mume wangu sindano nyembamba kuliko zote na uzi mweusi. Nimetunga mara ya kwanza. Akaweka kitambaa cheusi nyuma ya sindano, akaniambia niende mbali na dirisha. Nimetunga tena.

"Macho unayo," akasema. "Labda kinachokusumbua ni kingine."

"Kipi?"

"Kiburi. Mimi pia ninacho, ndiyo maana nakitambua."

Jumatatu, 28 Aprili

Mara ya tatu. Tisini na tano. Sijaenda hata kutazama kwenye hadubini. Niliogopa nitakachokiona, na niliogopa kutokiona.

Jumatatu, 5 Mei

Tumebakiwa na jaribio moja kabla ya kikao. Nilikuwa napanda seli kwa ile pipeti ya midomo minane, safu baada ya safu, safu kumi na mbili kwa sahani. Nikiwa katikati Profesa akaingia na ufunguo wa stoo.

"Uanze kuzoea," akasema, akauweka karibu na kiwiko changu. "Kesho nenda ukaorodheshe vilivyomo."

Nikasema ahsante. Nikarudi kwenye sahani nikamalizia. Mikono ilikuwa inafanya kazi, kichwa kilikuwa kwenye glavu na chupa tupu.

Jumanne, 6 Mei

Stoo kutwa nzima. Glavu, maboksi arobaini na mbili. Binti katia supu mwenyewe kwa kufuata chati. Tangu mashine ije, hakuna anayechungulia sahani kabla ya supu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi.

Mchana kabla ya rangi niliiweka sahani chini ya hadubini. Nilijilazimisha. Safu za mwanzo, zenye supu hafifu, seli zimelala vizuri. Safu ya saba zinajikunja. Ya nane zinaelea. Nikasogeza kwenye ya tisa, nikaona kishimo kitupu.

Sikuona maiti. Seli ikifa huacha vipande, huacha uchafu unaoelea, kama nyumba iliyohamwa ambayo haikosi kikopo kilichosahauliwa. Pale hapakuwa na kitu. Supu ya kahawia, kishimo kisafi. Nikatazama vishimo vyote vinane, vyote vile vile. Safu ya kumi kulikuwa na maiti kama kawaida.

Nilielewa papo hapo. Safu ya tisa ndipo Profesa aliponikuta na ufunguo wake. Niliiruka. Sikupanda seli. Jambo dogo kiasi hicho, na ndilo wanaloningojea nilifanye tangu nivae miwani.

Binti akaja na rangi. Nilikuwa na muda wa kumwambia. Nikasogea pembeni nikampisha.

Baada ya saa nne za kusubiri mashine ikatoa karatasi. Binti akasoma kwa sauti iliyochoka. Safu ya saba, tisini na saba. Ya nane, tisini na tano.

"Ya tisa," akasema, "themanini na moja."

Nikamwambia arudie.

"Themanini na moja, Mama. Imeshuka kidogo. Labda ni bahati."

Asilimia themanini na moja ya seli ambazo sikuzipanda ziko hai na zinaendelea vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua kubwa, siendi popote. Najua ninachokijua, na hakuna mwingine anayekijua.

Nikisema, lazima niseme yote: kwamba niliruka safu nzima, kwamba niliona nikanyamaza, kwamba nilimwacha Binti atie rangi juu ya kosa langu. Najipeleka stoo kwa miguu yangu. Nisiposema, mashine itaendelea kuhesabu wasiokuwepo, bodi itaufunga utafiti, na maganda yatarudi jalalani. Na Binti hatajua kamwe kwamba supu yake inafanya kazi.

Nimemweleza mume wangu. Hakutania safari hii. Aliacha kukanyaga cherehani akasikiliza hadi mwisho.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Nikizaa nitapewa stoo."

"Utapewa stoo ukiwa mkweli. Si sawa na kupewa stoo ukiwa mwongo. Mimi ndiye nitakayeishi na wewe, nachagua huyo wa kwanza."

Jumatatu, 12 Mei

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Niliingia nikamkuta Binti kwanza. Nikamwambia nimesimama, maana ningekaa ningebadili mawazo. "Safu ya tisa niliiruka. Haikuwa na seli hata moja. Niliiona tupu kabla hujatia rangi nikanyamaza kwa aibu. Nisamehe."

Alinitazama. Nilisubiri hasira. Badala yake nikaona uso wake unapiga hesabu. Akaichukua karatasi ya mashine, akaitazama, akanitazama tena.

"Haikuwa na seli," akasema polepole. "Na imesoma themanini na moja."

"Ndiyo."

"Mama. Zambarau ile imetoka wapi?"

"Ndilo lililonikosesha usingizi siku nne," nikamwambia. "Sidhani ni seli zinazoigeuza rangi. Ni supu yenyewe."

Tukaenda kwa Profesa wote wawili. Nikarudia ungamo langu, na la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, kwa sababu huyu alikuwa anatikisa kichwa tangu neno la tatu.

"Mama, hili ndilo nililokuwa naliogopa," akasema. "Safu nzima?"

"Safu nzima, Profesa. Niandikie barua, nitasaini. Lakini kabla ya barua, niambie: seli ambazo hazikuwepo ziliishije?"

Akachukua karatasi. Ni mtu mwenye akili, sitamnyima hilo, na akili yake niliiona ikigonga ukuta.

"Tulikuwa na vishimo visivyo na seli vya kulinganishia," akasema. "Tangu mwanzo."

"Vyenye chakula cha seli tu," akasema Binti. "Hatukutia supu humo. Hakuna aliyefikiria kutia supu mahali pasipo na seli."

"Nani anampikia mgeni asiyekuja," nikasema.

Profesa akavua koti la ofisini, akavaa la maabara. Sijamwona akivaa hilo miaka kadhaa. Akachukua sahani mpya, tupu, ambayo haijawahi kuona seli, akatia supu yeye mwenyewe, hafifu mpaka kali, akatia rangi ya njano. Kisha tukakaa. Mvua inapiga bati, sisi watatu tumekodolea sahani macho.

Haikuchukua hata nusu saa. Upande wa supu kali ukaanza kuiva zambarau. Ukasambaa safu kwa safu. Hakuna seli hata moja humo ndani, na mashine ikatuambia kwa takwimu zake nzuri kwamba kuna uhai asilimia tisini.

Kwesetini inafanya kazi ileile inayofanywa na seli hai, ya kuigeuza ile rangi. Kadiri supu inavyoua, ndivyo inavyopaka zambarau juu ya maiti. Miezi miwili tumekuwa tukisoma rangi ya kitunguu tukidhani ni uhai.

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nililia, na ninaandika kwamba nililia kwa furaha, tena sana, na miwani ikaingia ukungu. Nilikuwa naziona zikifa. Sikutamani, niliona.

Profesa hakucheka wala kulia. Aligeukia mashine yake. Kisha akasema, "Mashine haikudanganya. Tuliiuliza swali baya." Nikamwonea huruma.

Jumanne, 13 Mei

Dawa ya tatizo ni rahisi mno hadi inachekesha. Ondoa supu, osha seli mara mbili, weka chakula kipya, ndipo utie rangi. Ni kuosha vyombo kabla ya kupakua.

Ijumaa, 16 Mei

Profesa anataka jaribio ambalo bodi haitalipinga. Ameweka sharti. Ataandaa mwenyewe sahani kumi na mbili ndogo, za vishimo vichache tu, atazipa namba za siri, na mimi nitahesabu bila kujua ipi ina supu na ipi haina. Mashine itasoma seli zilizooshwa. Kisha tutalinganisha.

"Nikikosea?" nikamuuliza.

"Basi nitajua," akasema. "Na ukipatia, nitajua pia."

Nimekubali. Wifi kaleta gunia la maganda makavu, kayafunika na koti lake la mvua, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Ubao hajaandika. Anasema anasubiri ruhusa yangu, na nikamwambia asubiri akiwa amekaa.

Alhamisi, 22 Mei

Nimehesabu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kwa hadubini natumia rangi ya buluu: seli iliyokufa inainywa, iliyo hai inaikataa. Kila sahani nahesabu mara mbili, zinazoelea na zilizoshika. Kidole gumba kimevimba. Sijaongea na mtu, sijala. Nimeandika namba zangu, nimezifunga kwenye bahasha, nimempa Profesa mkononi.

Hajaifungua. Anasema itafunguliwa mbele ya bodi. Mtu yule anapenda maonyesho.

Ijumaa, 30 Mei

Watu saba wa bodi, meza ndefu, mvua imekuwa manyunyu tu. Binti alieleza jaribio lote, pamoja na miezi miwili ya makosa. Alipofika safu ya tisa, mjumbe mmoja akauliza nani aligundua.

"Mama alisahau kupanda seli," akasema Binti, na chumba chote kikacheka.

Nikasimama. Sikupangiwa kusema. "Ni kweli nilisahau," nikasema. "Na nilinyamaza siku nne kwa aibu. Ningenyamaza na ya tano, leo mngekuwa mnafunga utafiti huu kwa haki kabisa, na mngekuwa mmekosea."

Kicheko kikaisha. Profesa akachana bahasha. Akasoma namba yangu, kisha ya mashine, moja baada ya nyingine, sahani kumi na mbili. Bila supu: mimi tisini na saba, mashine tisini na nane. Supu ya kati: mimi sitini na mbili, mashine sitini. Supu kali: mimi thelathini na moja, mashine thelathini na tatu. Na kwenye seli za utumbo usio na ugonjwa, zilizopewa supu ileile kali: mimi themanini na nane, mashine themanini na nane.

Supu inaua theluthi mbili ya seli za saratani na inaziacha nyingi za kawaida. Ni kwenye sahani tu, na Binti alilisema hilo mara tatu bila kuulizwa, nami nilimpenda kwa kulisema. Kutoka sahani mpaka mgonjwa ni safari ya miaka, na huenda isifike. Lakini sasa ni safari, jana ilikuwa jalala.

Bodi imempa miaka miwili zaidi. Kuhusu mimi, Profesa alisimama akasema mbele ya wote saba, "Nilisema macho ya Mama yamechoka. Yaliyochoka ni yangu, maana sijachungulia hadubini miaka kumi na moja. Habanduki pale." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo ili nisije nikayaongeza chumvi uzeeni.

Mume wangu alinipokea na chai aliyoipika mwenyewe. Nikamsimulia mara mbili. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo yeye hatanisifu. Kisha akaniomba nisimulie mara ya tatu.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Ukutani maabara pamebandikwa utaratibu mpya, umesainiwa na Profesa. Kila sahani itakayojaribiwa hapa, ya mtu yeyote, ya mmea wowote, lazima iwe na safu moja yenye supu isiyo na seli. Kwenye chati safu hiyo ina jina. Imeandikwa: Safu ya Mama.

Wanafunzi watatu wapya walikuwa wakinitazama nikipanda. Moja, mbili, tatu, mpaka nane. Nilipofika ya tisa niliinua pipeti juu, nikawaangalia wote watatu, nikairuka.